Urefu wa Silaha: Malaika Wanaopigana Katika Kanisa la Saint-Sulpice

Asubuhi moja jijini Paris nilisimama nyuma ya kundi la watalii katika kikanisa cha kwanza cha upande wa kulia, mara tu uingiapo kanisa la Saint-Sulpice. Mwongozaji wao aliwaeleza kwa utulivu habari za Yakobo anayepigana mweleka na malaika kwenye ukuta wa kushoto, akawageuza wautazame ukuta wa kulia ambako Heliodoro anachapwa ndani ya Hekalu la Yerusalemu, akajibu maswali mawili matatu, kisha akawaongoza kuelekea altare kuu. Mimi nilibaki nikiitazama mialoni mikubwa iliyosimama juu ya Yakobo. Macho yalipanda na mashina yake, yakafika kwenye majani, yakapitiliza hadi darini, na huko, ndani ya duaradufu, nikamkuta Mikaeli akimwangusha Ibilisi.

Hakuna hata mmoja katika kundi lile aliyekuwa ameinua kichwa.

Kikanisa hicho ni cha Malaika Watakatifu, na vita pekee vya malaika dhidi ya malaika vilivyomo humo ndivyo hivyo vya darini. Zile kuta mbili zinasimulia habari za malaika na wanadamu. Kwa wiki kadhaa tangu nirudi nimekuwa nikijiuliza kwa nini Eugène Delacroix, mchoraji aliyependa farasi, moshi na damu kuliko karibu wenzake wote wa zama za Uromantiki, alivipandisha vita vikubwa kuliko vyote mahali ambapo jicho huchelewa kufika, na kuta zilizo karibu na macho yetu akawapa wanadamu wawili, mmoja anayechapwa viboko na mwingine atakayetoka pale akichechemea.

## Picha tuliyokua nayo

Wengi wetu tuliolelewa katika nyumba za Wakatoliki tulimjua Mikaeli kabla ya kujua kusoma. Alikuwa ukutani sebuleni, au kwenye kikaratasi kilichowekwa ndani ya kitabu cha sala: kijana mzuri mwenye mabawa, upanga mkono wa kulia, mnyororo mkono wa kushoto, na mguu mmoja juu ya kichwa cha Shetani. Picha hiyo inatokana na mchoro wa Mwitalia Guido Reni wa mwaka 1635, uliopo hadi leo katika kanisa la Wakapuchini jijini Roma. Inasimuliwa tangu enzi hizo kwamba Shetani wake alipewa sura ya Kardinali Pamphilj, ambaye baadaye alikuwa Papa Innocent wa Kumi. Iwe kweli au uzushi wa mjini, ni kisa kinachonifurahisha, kwa sababu kinaonyesha jinsi ilivyo rahisi kumpa Ibilisi sura ya mtu tusiyempenda.

Sitajifanya kwamba mtoto wa Kiafrika haoni kilichomo katika picha hiyo. Mwenye mguu juu ni mweupe na nywele zake ni za dhahabu. Aliye chini ya mguu ana ngozi nyeusi zaidi. Tuliiona, tukanyamaza, tukaendelea kusali ile sala ya kumwomba Mikaeli atulinde vitani, sala ambayo Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza mwaka 1886 isaliwe baada ya Misa.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi, hata nikiwa mdogo, lilikuwa uso wa mshindi. Mikaeli wa Reni hatoki jasho. Anamkanyaga adui wa ulimwengu kwa uso wa mtu anayesubiri apigwe picha. Mwitalia mwingine, Raphael, katika mchoro wa mwaka 1518 uliopelekwa Ufaransa kwa mfalme François wa Kwanza na ambao Delacroix aliufahamu vizuri kutoka makumbusho ya Louvre, alimshusha malaika mkuu juu ya adui yake kwa wepesi uleule, kana kwamba anacheza. Katika michoro yote miwili hakuna dakika hata moja ambayo mambo yangeweza kwenda vinginevyo.

Na kama mambo hayangeweza kwenda vinginevyo, je, hivyo ni vita?

## Maandiko yanasema machache

Nilirudi kwenye Ufunuo, sura ya kumi na mbili, nikidhani nitakuta maelezo marefu. Hayapo. "Kulikuwa na vita mbinguni, Mikaeli na malaika zake wakapigana na yule joka, yule joka naye akapigana nao pamoja na malaika zake, nao hawakushinda." Hatuambiwi silaha wala majeraha, na wala hatuambiwi vita vilichukua muda gani. Anayetaka kuchora mabawa yaliyovunjika na ngao zinazogongana lazima aazime kutoka mahali pengine, na wachoraji wa Ulaya waliazima kutoka kwa washairi, kutoka kwenye sanamu za Kirumi na kutoka kwenye vita vya wafalme wao wenyewe.

Kuna mahali pengine ambapo Mikaeli anakabiliana na Ibilisi, nako ni katika waraka mfupi wa Yuda. Wanabishania mwili wa Musa. Malaika mkuu, ambaye tumezoea kumwona na upanga, hapo hathubutu hata kumlaumu mwenzake, anasema tu, "Bwana na akukemee." Nimeusoma mstari huo mara nyingi katika wiki hizi na kila mara unanishangaza. Mwenye nguvu kuliko wote katika jeshi la mbinguni anajizuia ulimi mbele ya adui ambaye sisi tunamtukana asubuhi na jioni.

Nilipomweleza rafiki yangu Mwislamu, mtu wa Pangani, kile ninachokiandika, alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba habari nzima ni ngeni kwake. Kwao malaika hawamwasi Mungu, wanafanya wanayoamrishwa. Iblisi aliyekataa kusujudu alikuwa katika majini, kama isemavyo Suratul Kahf, na Mikaili anatajwa zaidi pamoja na mvua na riziki kuliko na upanga. Malaika wanaweza kushuka kuwasaidia waumini vitani, kama walivyoshuka Badri, lakini malaika kuwapiga malaika ni jambo lisilokuwepo. Aliuliza swali moja tu, na hilo ndilo lililobaki nami: kama wote wawili walikuwa malaika, waliumbwa na Mungu mmoja na walisimama mbele ya kiti kimoja, huyo mchoraji aliwatofautisha kwa kitu gani?

Jibu la karibu michoro yote ni kwamba walitofautishwa kwa ubaya wa sura. Aliyeshindwa amepewa pembe, mkia, makucha au ngozi ya mjusi, ili tusisahau hata kidogo tuko upande gani. Vita vya ndugu vimegeuzwa kuwa uwindaji wa mnyama.

## Mtu aliyekwisha kumchora Ibilisi

Delacroix hakuwa mgeni kwa Ibilisi. Mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 30, alitoa michoro 17 ya chapa ya mawe kwa ajili ya tamthilia ya Faust ya mshairi Mjerumani Goethe, na mmojawapo unamwonyesha Mephistopheles, ibilisi wa tamthilia hiyo, akiruka usiku juu ya mji, uchi, mabawa wazi, akitabasamu kama mwenye mji. Goethe mwenyewe, aliyekuwa mzee, aliisifu michoro hiyo na kukiri kwamba kijana huyo Mfaransa aliona zaidi ya alivyoona yeye alipokuwa akiandika. Ibilisi yule ana raha yake. Mkono uliomchora haukumwogopa wala haukumchukia.

Ndivyo zilivyokuwa zama zenyewe. Tangu John Milton, mshairi Mwingereza wa karne ya 17, ampe Shetani maneno mazuri kuliko anayopaswa kuwa nayo mshindwa, vijana wa Uromantiki walimwona mwasi yule kama mmoja wao. Mwaka 1847 Alexandre Cabanel, ambaye alikuwa mwanafunzi tu, alimchora malaika aliyeanguka akiwa kijana mrembo anayeficha uso kwa mkono wake, jicho moja likichungulia kwa hasira na chozi likiwa limemlenga. Mchoro huo uko Montpellier, na siku hizi vijana wengi wanaujua kupitia simu zao kuliko wanavyomjua Mikaeli yeyote.

Kwa hiyo Delacroix alipopewa malaika, ungetarajia Shetani wa namna hiyo.

Hakumleta. Shetani wa dari ya Saint-Sulpice hapewi uzuri wala huzuni ya kutuvuta, na mwanga wote uko kwa Mikaeli. Mara ya kwanza nilidhani ni uzee: kijana mkaidi wa 1828 amekuwa mjumbe wa Taasisi ya Ufaransa, aliyochaguliwa kuingia mwaka 1857 baada ya kukataliwa mara saba, na sasa anawachorea mapadri kile wanachokitaka. Ni maelezo mepesi, na kwa siku kadhaa niliyaamini. Kilichoyavunja ni kusoma jinsi alivyoishi na kazi hiyo.

## Kazi iliyokataa kuisha

Aliagizwa mwaka 1849. Hapo mwanzo alielezwa kwamba kikanisa kingekuwa cha ubatizo. Baadaye mwaka huohuo mpango ukabadilika, kikawa cha malaika, ikambidi afikirie upya kila kitu. Mlango ulifunguliwa kwa watu mwaka 1861. Katikati ya miaka hiyo 12 alipaka dari ya Galerie d'Apollon kule Louvre, ambako Apolo anamuua joka Pitoni, akapaka ukumbi katika Hôtel de Ville, jumba la halmashauri ya jiji, ambao uliteketea kwa moto wa mwaka 1871, akaandaa maonyesho makubwa ya mwaka 1855, na akaugua koo mara kwa mara hadi homa zikawa sehemu ya kalenda yake. Msaidizi wake, Pierre Andrieu, aliandaa kuta na kuanza sehemu ambazo bwana wake angezimalizia. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta iliyochanganywa na nta, moja kwa moja juu ya lipu. Dari ilipakwa kwenye turubai lililobandikwa baadaye.

Mwishoni mwa 1857 alihamia mtaa wa Furstenberg, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho yake, ili awe karibu na kanisa kiasi cha kuweza kwenda kwa miguu hata akiwa dhaifu. Aliomba aruhusiwe kufanya kazi hata Jumapili wakati wa Misa, kwa sababu muziki ulimtia ari. Wakuu wa kanisa walikataa. Siku ya mwaka mpya wa 1861 aliandika katika shajara yake kwamba uchoraji unamtesa na kumsumbua kama mpenzi mwenye kudai mengi, na kwamba kwa miezi minne alikuwa akitoroka nyumbani alfajiri kukimbilia kazi hiyo.

Huyo si mtu anayewapa mapadri wanachokitaka.

Wala hakuwa muumini wa kawaida. Malezi yake yalikuwa ya watu waliomsoma Voltaire, mwandishi aliyelikosoa Kanisa, na maneno yake ya karibu zaidi na imani, aliyoyaandika Oktoba 1862, yanasema kwamba Mungu yumo ndani yetu na kwamba uwepo huo ndio unaotufanya tupende kilicho kizuri. Mtu wa namna hiyo anapopewa habari tatu za malaika, si rahisi kuamini kwamba alizipanga ovyo.

## Silaha iko wapi

Jambo lililonigeuza mawazo ni dogo sana. Nilikuwa nyumbani, nikiangalia picha za kuta zote kwenye kompyuta, nikajiuliza kitu ambacho ningemuuliza mtu yeyote anayenisimulia ugomvi: nani alishika nini?

Darini, Mikaeli ana silaha. Kati ya mwili wake na mwili wa Ibilisi kuna urefu wote wa silaha hiyo. Anampiga kutoka juu, katika mwanga wake mwenyewe, na hakuna haja ya wawili hao kugusana kwa ngozi. Walikuwa wamoja, na sasa wametenganishwa na chuma.

Kwenye ukuta wa kulia, umbali umepungua. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinaeleza kwamba Heliodoro alitumwa na mfalme Seleuko kuchukua hazina ya Hekalu, hazina ambayo ndani yake mlikuwa na akiba za wajane na yatima, akatokewa na farasi mwenye mpandaji wa kutisha na vijana wawili waliomchapa bila kukoma. Delacroix anamlaza Heliodoro sakafuni chini ya kwato, mali ikiwa imetapakaa, na mmoja wa wachapaji anashuka kutoka hewani kichwa chini kama mpiga mbizi. Silaha hapa ni viboko. Kiboko ni kifupi kuliko mkuki, na anayekitumia lazima amkaribie anayepigwa. Tena kiboko hakikusudiwi kuua: ni chombo cha adhabu, na adhabu hudhani kwamba mtu ataishi baada yake.

Kwenye ukuta wa kushoto hakuna umbali tena. Yakobo ameinamisha kichwa na kukisukuma kifuani kwa mwenzake kwa nguvu zote za mgongo, misuli imevimba, mguu umeinuka. Malaika amesimama wima, ametulia, amemshika mkono mmoja, na mkono wake mwingine uko pajani, pale ambapo Kitabu cha Mwanzo kinasema Yakobo aliguswa akateguka. Kulia kwao msafara wa Yakobo unakwenda zake na mifugo yake katika vumbi, ukipeleka zawadi za kumtuliza Esau, ndugu aliyedhulumiwa. Na mbele kabisa, karibu na sisi kuliko kitu kingine chochote ukutani, kuna rundo: nguo, kofia, podo lenye mishale.

Silaha zimewekwa chini.

Rundo hilo limesifiwa sana na wachoraji kwa rangi zake, na ni halali, maana ukilisogelea unaona jinsi mistari ya rangi tofauti ilivyowekwa bega kwa bega bila kuchanganywa, ufundi ambao kizazi kilichofuata kiliufanya kuwa kanuni nzima ya uchoraji. Lakini kwangu limekuwa ushahidi. Mikaeli na Ibilisi wametenganishwa na silaha. Malaika na Heliodoro wanatenganishwa na kiboko. Yakobo ameziweka silaha zake chini na kumkumbatia anayempiga. Kadiri umbali unavyopungua, ndivyo yule wa pili anavyozidi kupata kitu. Ibilisi hapati chochote, maana hata mahali pake hapakuonekana tena mbinguni. Heliodoro anarudishiwa uhai kwa maombi ya kuhani mkuu Onia, yuleyule ambaye Heliodoro alikuja kumwibia. Yakobo anabarikiwa na kupewa jina jipya.

Kwa hiyo swali la rafiki yangu wa Pangani lina jibu, angalau katika kikanisa hiki. Sura na rangi havitoshi kumtofautisha malaika aliyeanguka na yule asiyeanguka. Kilichomtenga aliyeshindwa ni kwamba hakuna aliyeweza kumshika tena.

## Shaka zangu

Msomaji mkali ataniambia kwamba ninamsomea Delacroix mambo ambayo hakuyawaza, na ana hoja. Dari ina masharti yake: kinachochorwa darini lazima kiwe hewani, na kati ya habari zote za malaika hakuna inayofaa hewani kuliko hii. Heliodoro alikuwa amekwisha kuchorwa na Raphael huko Vatikani, viboko vikiwemo, na Delacroix alikuwa akijipima na bwana huyo waziwazi. Podo na kofia vinaweza kuwa furaha tu ya mchoraji aliyetaka kuonyesha anachoweza kufanya na rangi ya manjano.

Yote hayo ninayakubali, na bado hayafuti kilichoko ukutani. Mchoraji anaweza kulazimishwa kuweka vita darini. Hakuna aliyemlazimisha kuwafanya malaika na Yakobo washikane hivi, kama watu wawili wanaocheza ngoma ambayo mmoja wao haijui. Wala Maandiko hayataji silaha zilizowekwa chini. Kitabu cha Mwanzo kinasema tu kwamba Yakobo alibaki peke yake na kwamba mtu akashindana naye hata alfajiri. Podo ni la Delacroix.

Shaka ya pili ni nzito zaidi, na sijaimaliza. Katika maelezo mafupi aliyoyachapisha kwenye kadi ya mwaliko ya Julai 1861, Delacroix mwenyewe alisema kwamba pambano la Yakobo huonwa kuwa mfano wa majaribu ambayo Mungu huwapelekea wateule wake. Wateule. Neno hilo linafunga mlango ambao mimi nilikuwa nikiufungua. Kama kukumbatiana ni kwa wateule tu, basi yule wa darini hakupoteza nafasi, hakuwahi kupewa. Mapokeo yanasema malaika walioasi walichagua wenyewe, mara moja na kwa ujuzi wote, na ndiyo maana hawawezi kutubu kama sisi tunaojua kwa vipandevipande. Padri mmoja ninayemheshimu alinikumbusha hilo kwa upole. Alisema huruma yangu kwa Ibilisi ni ya kifasihi.

Nilimjibu kwamba sina huruma kwa Ibilisi. Ninachokitilia shaka ni urahisi wetu wa kumchukua Mikaeli na kumweka upande wetu katika kila ugomvi, tukajiona sisi ndio tulio katika mwanga na wenzetu ndio wenye mkia. Nimesikia mahubiri ambayo jirani, mke mwenza, mpinzani wa kisiasa na mgonjwa wa akili wote walipewa sura ya joka. Waliohubiri hivyo walikuwa wamemsoma Mikaeli wa Ufunuo, na hawakuwa wamemfikia Mikaeli wa Yuda, yule aliyejizuia ulimi.

## Heliodoro, ambaye hakuna anayemtetea

Niseme neno kuhusu ukuta wa kulia, ambao huwa unapita haraka machoni pa wengi kwa sababu una watu wengi na ngazi nyingi. Mimi mwenyewe nauona kuwa umejaa kupita kiasi. Nguzo za Hekalu ni kubwa mno na jicho linapotea kabla ya kumfikia mtu aliye chini. Lakini habari yenyewe ina mwisho mtamu. Heliodoro alipopona alirudi kwa mfalme, na mfalme, ambaye bado aliitamani hazina, akamuuliza ni nani anafaa kutumwa tena Yerusalemu. Heliodoro akamjibu kwamba kama ana adui au mtu anayemfanyia njama, amtume huyohuyo, naye atarudishiwa akiwa amechapwa vizuri.

Ni mzaha wa mtu aliyeelewa. Katika mapambano yote matatu, huyu ndiye pekee anayesimulia mwenyewe yaliyompata, tena kwa kicheko, na ninadhani Delacroix, ambaye shajara yake imejaa kejeli za namna hiyo, alimpenda kwa hilo.

## Kutoka juu au kutoka chini

Kuna pingamizi moja la mwisho ambalo nilijiwekea mwenyewe. Ukifuata mpangilio wa Biblia, safari yangu inakwenda kinyume. Yakobo yuko katika Mwanzo, Heliodoro yuko karibu na mwisho wa Agano la Kale, na Mikaeli yuko katika Ufunuo. Kwa mpangilio huo umbali hauishi, bali unaongezeka: tunaanza na kukumbatiana, tunafika kwenye kiboko, tunamalizia na silaha. Mwongozaji aliyewageuza wageni wake kutoka kushoto kwenda kulia alikuwa anafuata njia hiyo bila kujua, na pengine ndiyo njia ambayo historia yetu wanadamu imeifuata zaidi.

Lakini hao walioanguka darini, kwa mapokeo ya Kanisa, walianguka kabla ya Yakobo na kabla ya Adamu, kwa hiyo dari inaweza kuwa mwisho na inaweza kuwa mwanzo. Maandiko hayataamua. Ninachoona kinaamua ni ufundi. Kabla ya Saint-Sulpice, Delacroix alikuwa amepaka dari za Palais Bourbon, jumba la bunge, kuba la maktaba ya jumba la Luxembourg palepale Paris, na Louvre. Hakukuwa na mchoraji Mfaransa wa wakati wake aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba mtu aliyesimama hawezi kutazama juu kwa muda mrefu. Shingo huchoka, damu hupanda kichwani, na baada ya dakika mbili kichwa kinashuka chenyewe. Kinaposhuka katika kikanisa hiki hakikuti sakafu tupu. Kushoto kinamkuta Yakobo, na kuta zimesafishwa vizuri tangu ukarabati uliokamilika mwaka 2016, kiasi kwamba vumbi la msafara linaonekana hata siku ya mawingu.

Watu wachache walilielewa hilo mwaka 1861. Mshairi Baudelaire, aliyebatizwa katika kanisa hilohilo mwaka 1821, aliandika makala ya kuzisifu kuta hizo Septemba mwaka huo, lakini wakubwa ambao Delacroix aliwatarajia hawakutokea, na hakupewa tena ukuta wa umma wa kiasi hicho. Alifariki katika nyumba ya Furstenberg tarehe 13 Agosti 1863. Ukienda Paris, kuingia Saint-Sulpice ni bure. Anza na dari, vumilia kadiri shingo itakavyoruhusu, kisha nenda kulia, na Yakobo umwache wa mwisho.